Ala si ghala

Ala ni kifuniko cha kisu, jambia au upanga, kinachozuia makali yasimkate anayeibeba silaha. Hilo kila mtu analijua. Linaloniuma ni kauli ninayoisikia mara kwa mara kwenye baraza za Mji Mkongwe wa Lamu, tena kwa watu waliorithi silaha za mababu: "Jambia limehifadhiwa, limo alani."

Kiswahili kina ala mbili. Ala ya muziki au ya kazi imetoka kwenye Kiarabu, nayo ni chombo cha kutendea jambo. Ala ya kisu ni neno jingine kabisa, na kamusi za zamani zinaipa wingi wa nyala. Upanga umo katika ala, panga zimo katika nyala. Lakini hujapata kumsikia mtu akisema nyala za taarabu. Nahisi kufanana huku kwa sauti kumewafanya wengi waione ala ya jambia kuwa kiungo cha jambia lenyewe, visivyofaa kutenganishwa. Ilhali jambia nalo lina habari yake: asili yake ni Kiarabu *janb*, yaani ubavu. Ni silaha ya kuvaliwa, na ala ndiyo inayoliwezesha kuvalika. Mtu hulifutika mshipini, akaenda harusini, akarudi. Kanzu ya Idi nayo huvaliwa, na hakuna anayelala nayo mwaka mzima.

Ami yangu alinitolea jambia la babu yake, alilolifungia kabatini miaka mingi. Lilikataa kutoka. Alipolivuta kwa nguvu, unga wa rangi ya matofali ukamwagika kiganjani mwake. Karibu na mpini chuma kilikuwa safi, lakini kwenye ncha, pale ngozi iliposhonwa, kutu ilikuwa imechimba vishimo unavyovihisi kwa ukucha. "Mwanangu, lilikuwa alani," akasema, kama aliyesalitiwa.

Na kweli ala ndiyo iliyomsaliti. Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Hewa ya Lamu ina vyote vitatu. Ala ya mbao iliyovikwa ngozi hunyonya unyevu huo na kuushikilia kwenye chuma hata siku za jua, na ngozi yenyewe hubaki na asidi na chumvi za kutengenezewa. Ukilirudisha jambia lenye alama za vidole, jasho nalo lina chumvi yake.

Kulihifadhi ni kazi nyingine. Futa chuma kwa kitambaa cha pamba kikavu, paka mafuta ya cherehani kidogo sana (ya nazi huweza kuchacha), kisha lilaze sandukuni bila kulifunga kwa nailoni, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Lichungulie masika yakiisha. Msasa usiukaribishe, maana unaondoa kutu pamoja na kazi ya mhunzi.

Ala ya babu haikutupwa. Ami ameilaza sanduku lilo hilo, kando ya jambia, ikiwa tupu. Wageni wakimuuliza siku hizi, husema jambia limehifadhiwa sandukuni. Neno alani analiweka kwa siku anayolivaa.