Mechi 60 kwenye rekodi si mechi zote alizocheza

Wengi huamini kuwa mchezaji wa zamani wa kandanda ya Australia, ile ya mpira wa umbo la yai, akiandikiwa mechi 60 basi hizo ndizo alizocheza maisha yake yote.

Idadi hiyo kwa kawaida ni ya ligi kuu pekee: mechi za msimu na za fainali. Mechi za maandalizi ya msimu hazimo. Za ligi za majimbo, ambako mchezaji aliyeachwa kikosini au anayetoka kwenye jeraha huenda kucheza, huwekwa kwenye jedwali la peke yake. Mtu anaweza kukaa klabuni miaka minane, akacheza karibu kila wiki, na rekodi ya ligi kuu ikabaki fupi.

Kuhakiki si kazi ngumu. Soma safu ya kila mwaka, usiishie kwenye jumla. Msimu wa 2012 kila timu ilikuwa na mechi 22 za kawaida, na fainali haziwezi kuzidi nne; ukiona 30, kuna ligi mbili zimechanganywa. Mwaka 2020 zilikuwa 17 tu, tena robo nne za kila mechi zilifupishwa kutoka dakika 20 hadi 16 kila moja, kwa hiyo takwimu ndogo za mwaka huo zisikushtue.

Mabao nayo yana mtego wake. Matokeo ya timu yakiandikwa 15.10, hiyo si desimali: ni mabao 15 ya pointi sita na mikwaju 10 ya pointi moja moja, jumla 100. Beki mzuri anaweza kustaafu bila bao hata moja.