Mboji si kila kilichooza

Juzi tena nimemsikia mtu akisema "hapa tumetia mboji" huku akionyesha lundo la kinyesi cha ng'ombe ambalo bado lilikuwa linafuka. Siku ile nilinyamaza.

Mboji ni mabaki ya mimea (majani, mabua, magugu, maganda, hata ukiyachanganya na samadi kidogo) yaliyorundikwa, yakapata hewa na unyevu, yakaliwa na vijidudu mpaka yakawa kitu cheusi, chepesi, kinachomumunyuka mkononi. Ukiweza bado kutambua kwamba hili lilikuwa bua la mtama, mboji haijawa. Hiyo ndiyo maana yake, haina zaidi.

Ugomvi wangu hasa ni wa maneno. Samadi tuliipokea kutoka Kiarabu, na huko "samad" ni chochote kinachorutubisha ardhi, hata kilichotoka kiwandani. Sisi tukalibana neno, likabaki na zizi tu. Mbolea ni jina la jumla, lakini siku hizi ukilitaja hivi hivi wengi wanaona mfuko wa punje nyeupe. Mboji ikaachwa katikati bila mwenyewe, kila mtu anaibandika anapopenda.

Wako wanaosema "mbolea vunde". Nalipenda jina hilo, ingawa lina mtego. Kuvunda tumezoea kukusikia pamoja na uvundo, na la kuvunda halina ubani. Lakini ndizi nazo huvundikwa: unazifunika, zinapata joto, unangoja ziive. Mboji imevundikwa, haijavunda. Lundo lililopangwa vizuri hupanda joto hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi, kisha hupoa taratibu, na mwishoni hunukia kama udongo uliopata mvua ya kwanza. Likitoa uvundo, limekosa hewa. Lipindue.

Mtu atauliza, jina lina shida gani? Shida huonekana mvua inapokatika. Aliyedhani mboji ni mbolea ya kawaida ataipima kwa chakula inachotoa, na hapo itashindwa: urea ina naitrojeni 46%, mboji ya mimea mara nyingi haifiki 2%. Nguvu yake kwenye ukame iko kwingine. Hushikamanisha chembe za udongo zikawa vibonge vyenye matundu, mvua ikazama badala ya kukimbilia mtaroni, na maji yakabaki pale mizizi inapofika. Kwenye udongo wa kichanga tofauti huonekana mapema zaidi. Haileti maji. Husogeza mbele siku ya kunyauka, basi, na mahindi yaliyo kwenye mbelewele na ndevu yakipewa siku hizo chache, gunzi halitoki na mapengo. Katika mashimo ya zaï ya Burkina Faso, ambamo hupandwa mtama na uwele, shimo ndilo linalokusanya maji. Samadi au mboji iliyotiwa ndani husaidia kuyashika.

Aliyefukia mabua makavu akayaita mboji naye ana kilio chake. Bua la mahindi lina kaboni karibu mara 60 ya naitrojeni, kwa hiyo vijidudu vinavyolila huchukua naitrojeni ya udongoni ili vijitosheleze, na mimea michanga inageuka njano. Halafu utasikia "mboji imeniunguzia shamba." Mabua yale yale yangeachwa juu ya udongo yangekuwa matandazo, yakazuia jua lisinyonye unyevu. Kazi nzuri sana, ila ni neno jingine tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa juzi, lile lundo ni samadi, na samadi njema. Lipange kwa tabaka na yale mabua uliyotaka kuyachoma, linyunyizie maji, lifunike, lipindue kila baada ya wiki mbili hivi. Likishapoa, niite tena nije tuliite mboji.