Kipimo cha Mkojo na Saratani ya Kibofu: Damu Si Kichocho Tu

Katika Kanda ya Ziwa, Pwani na Zanzibar, mtu mzima anayekojoa damu mara nyingi husema ni kichocho chake cha utotoni, akameza dawa, damu ikakatika, akasahau. Damu ya saratani ya kibofu nayo huja na kupotea vivyo hivyo, tena mara nyingi bila maumivu, kwa hiyo kukatika kwake si dalili ya kupona. Zaidi ya hayo, magonjwa haya mawili yana undugu: mayai ya minyoo ya kichocho yanayonasa kwenye ukuta wa kibofu huujeruhi kwa miaka mingi, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimtambua mnyoo huyo, Schistosoma haematobium, kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Mkojo wenyewe hutupa fununu nyingi bila sindano wala kisu. Kijiti cha maabara huonyesha damu isiyoonekana kwa macho. Mayai ya kichocho hutafutwa kwa hadubini, na mkojo unaofaa ni ule wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati yanapotoka kwa wingi. Kipimo cha saitolojia hutafuta seli za saratani zilizobanduka kibofuni. Hapa wengi hukosea kwa kutuletea mkojo wa kwanza wa alfajiri, pengine kwa mazoea ya kipimo cha mimba, ilhali seli zilizolala humo usiku kucha huwa zimeharibika na hazisomeki vizuri.

Saitolojia hunasa vizuri saratani kali, lakini ile inayokua polepole huipita mara nyingi. Vipimo vipya vinavyosaka protini au mabadiliko ya vinasaba kwenye mkojo vimeongeza uwezo huo, ila vingi vilitengenezwa kwa kulenga aina ya saratani iliyo tofauti na ile inayoambatana zaidi na kichocho, kwa hiyo majibu yake kwa wagonjwa wetu yasomwe kwa tahadhari.

Ndiyo maana mtu aliyeona damu, hata majibu ya mkojo yakiwa safi, bado anahitaji daktari wa mfumo wa mkojo aamue kama aangaliwe kibofu kwa kamera. Fomu inayokuja maabara ikiwa na maneno “damu kwenye mkojo” pekee hutusaidia kidogo sana. Iandikwe pia kama mgonjwa anavuta sigara, amewahi kuugua kichocho, au amefanya kazi kwenye kiwanda cha rangi.