Kuunganisha kompyuta za nyumbani: mgawaji wa anwani awe mmoja

Watu wanaotaka kuunganisha kompyuta tatu au nne nyumbani huniuliza kwanza kuhusu kasi, ilhali mimi kabla ya yote hukagua ni kifaa kipi kinachogawa anwani. Kila kompyuta iliyo katika mtandao huhitaji anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha, isiyofanana na ya mwenzake, na kwa kawaida anwani hizo hugawiwa na ruta, kifaa kinachounganisha nyumba na intaneti, kwa utaratibu uitwao DHCP. Kompyuta inapojiunga huomba anwani. Ruta huipa, tuseme, 192.168.1.12, na kuijulisha kwamba mlango wa kutokea kwenda kwenye intaneti ni ruta yenyewe, yaani 192.168.1.1. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, ndiyo maana nyumba mbili jirani zinaweza kuwa na anwani zile zile bila kugongana.

Uzito wa jambo hili niliuona nilipochomeka ruta ya zamani ili nipate matundu zaidi ya waya, nikasahau kuizima DHCP yake. Siku moja kompyuta mbili zilikosa intaneti na hazikuiona printa. Kesho yake zilipona, zikaugua nyingine. Nilibadilisha waya na kuwasha upya kila kitu bila mafanikio, hadi nilipochukua karatasi nikaandika anwani ya kila kompyuta. Nusu zilianza na 192.168.1, nusu na 192.168.0. Wagawaji walikuwa wawili, na kila kompyuta ilimfuata yule aliyewahi kuijibu.

Kwa hiyo anayehitaji matundu tu ni bora atumie swichi ya mtandao, kisanduku cha matundu ya waya ambacho hakigawi anwani. Akilazimika kutumia ruta ya zamani, aizime DHCP yake, aipe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, kisha achomeke waya katika tundu la LAN (la mtandao wa ndani), si la WAN (la kwenda kwenye intaneti). Akikuta kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, ajue kwamba iliomba, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo aanze kukagua waya na plagi zake.

Kwa kompyuta isiyohamishwa mimi huchagua waya badala ya Wi-Fi, kwa sababu vifaa vya Wi-Fi hugawana hewa moja na kusubiriana zamu. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e hubeba megabiti 1000 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, ili mradi plagi zake zimefungwa vizuri. Ndani yake mna nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili, na katika mpangilio wa rangi uitwao T568B hufuatana hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wengi hukosea kwenye kijani, kwa kuziweka nyuzi zake mbili pamoja, ilhali hukaa nafasi ya 3 na ya 6, na jozi ya buluu katikati yake. Msokoto nao usifunguliwe zaidi ya milimita 13. Uzi mmoja wa buluu au wa kahawia usipogusa, mara nyingi mtandao haukatiki bali hushuka hadi megabiti 100, kasi inayohitaji nyuzi 4 tu, na mwenye nyumba hashuku lolote. Faili la gigabaiti 4 ambalo lingepita kwa chini ya dakika moja sasa huchukua zaidi ya dakika 5.

Kushirikisha mafaili ni kazi nyepesi: chagua folda moja tu, si diski nzima, na uifungue kwa akaunti yenye nywila. Printa nayo ihifadhiwe anwani ya kudumu ndani ya ruta, kwa kutumia namba yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho iliyopewa kiwandani, kwa sababu ikibadilishiwa anwani baada ya umeme kukatika, kompyuta zilizowekewa anwani ya awali zitaendelea kutuma karatasi mahali pasipo na printa.