Dhahabu ya vilima vya Dodoma na Singida: tunayoaminishwa na ukweli wenyewe

Kiangazi kikikaza huku kwetu, iwe Bahi, Chamwino au Manyoni, utasikia tu kuna kilima watu wameona dhahabu, na haipiti wiki mtu kashauza ng'ombe apate hela ya kufungua duara, yaani shimo la kuchimbia. Hili suala linaniuma kwa sababu wanaoumia ni watu wa kawaida kabisa, na wengi wanaumizwa na maneno ya kijiweni. Dhahabu katikati ya nchi hii ipo, hilo halina ubishi, Sekenke kule Iramba imechimbwa tangu enzi za Mjerumani. Ila jiwe kuwa na dhahabu ni habari moja, na hilo jiwe kukurudishia hela yako ni habari nyingine.

Dhana ya kwanza: jiwe likimeta ndo lenyewe. Hapana jamani. Kwenye yale mawe meupe kinachometa mara nyingi ni pairaiti (madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu) au ulanga. Gonga na nyundo uone, dhahabu inabonyea inakuwa bapa, pairaiti inapasuka inakuwa unga mweusi, ulanga unabanduka vijikaratasi na kwenye karai unaondoka na maji. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji kwahiyo inabaki chini. Tena jiwe lenye mali ya kweli unaweza ukalitazama usione chochote.

Sasa hii ya pili ndo inayofilisi watu. Mtu anaokota jiwe moja zuri, anapeleka maabara, majibu yanatoka gramu 25 kwa tani, basi kijiji kizima kinapiga hesabu kwamba kilima chote ni gramu 25. Ukweli ni kwamba umepima lile jiwe tu, tena umechagua zuri kuliko yote. Chukua mkanda, yaani mshipa wa mwamba wenye dhahabu, wa upana wa sentimita 20, binadamu hawezi kuchimba kwenye upenyo wa sentimita 20, lazima afungue kama mita moja ndo aingie, kwahiyo kama hutenganishi mawe unabeba mkanda pamoja na mwamba mtupu wa pembeni na zile gramu 25 zinageuka 5. Hapo bado kusaga na kuosha kwenye mwalo (sehemu ya kuoshea mawe yaliyosagwa), ambako zaidi ya nusu inaweza kubaki kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, so kwenye tani moja, yaani viroba 20 vya kilo 50, unashika mkononi gramu mbili. Toa hela ya karasha (mashine ya kusaga mawe), usafiri, baruti, chakula cha vijana, halafu niambie kimebaki nini. Ndo maana inabidi kuchukua sampo nyingi, kila baada ya mita kadhaa kufuata mkanda, ukiandika upana wake kila sehemu, na sehemu mbovu nayo uipime. Maabara ya GST, taasisi ya serikali ya jiolojia na utafiti wa madini, ipo hapa hapa Dodoma, na STAMICO, shirika la madini la taifa, wana mitambo ya kuchoronga (kutoboa mwamba hadi chini) kwa ajili ya wachimbaji wadogo, angalau ujue mkanda unashuka chini au unakatikia hapo juu.

Kuna wanaoona kwenye majibu fedha nayo imo, gramu 60 kwa tani, wanashangilia madini mawili kwa mpigo. Bei ya fedha kwa miaka mingi imecheza kati ya moja ya sitini na moja ya mia ya bei ya dhahabu, kwahiyo hizo gramu 60 zinafika gramu moja ya dhahabu kwa shida, na huenda zimejifungia ndani ya madini ya risasi (lead) ambako karai halizipati. Na ukiona dhahabu yako imepauka usidhani ni feki, dhahabu ya mwambani huwa imechanganyika na fedha, ndo maana sokoni wanapima usafi kwanza kabla ya bei.

Halafu alama za Mjerumani. Mshale kwenye mwamba, msalaba, eti chini kuna sanduku la dhahabu. Mwaka 1916, vita vimewabana, Wajerumani walichukua dhahabu ya Sekenke wakaipiga sarafu za rupia 15 pale Tabora, zaidi ya 16,000, zina picha ya tembo. Dhahabu waliyoipata walikuwa wanaihitaji na waliitumia. Anayekuomba hela ya kafara ili sanduku "lifunguke" anakuibia, mripoti.

Zebaki, ile wanayochanganya na mchanga uliosagwa ikamate dhahabu halafu wanaichoma: wanasema inakamata dhahabu yote na moshi wake hauna shida. Haikamati iliyojificha ndani ya pairaiti, na moshi wake unaharibu ubongo na figo, watoto na wajawazito ndo wanaumia zaidi. Usichomee jikoni kabisa.

"Shamba langu, madini yangu" nayo sio kweli, madini ni mali ya Jamhuri, wewe una haki ya fidia ya ardhi. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Watanzania tu, hekta zisizozidi 10, miaka 7, unaomba Tume ya Madini. Ukikuta kilima tayari kina leseni ya mtu, usichimbe hata kiroba kimoja kabla ya kuongea naye kwa maandishi.

Na maji. Dodoma kwa wastani mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka na karibu yote inanyesha Desemba hadi Aprili, kwahiyo kabla ya kuuza hata mbuzi uliza mwalo utakuwa wapi na gari la kubeba mawe mpaka huko ni shilingi ngapi kwa tani.