Umeazima kofia ngumu, imepata ajali: nani alipe, na nani aivae tena?

Ukiazima mwavuli ukaurudisha umevunjika njiti, mwenyewe ataona pale pale akiufungua. Kofia ngumu ya pikipiki haiko hivyo. Inaweza kurudi imefutwa vumbi, inang'aa, imo kwenye mfuko wake, na kumbe ndani haifai tena. Mwenyewe ataivaa kesho yake akiiamini. Kwa hiyo katika elimu ya usalama barabarani tunasisitiza kwamba wajibu wa kwanza wa aliyeazima vifaa vya pikipiki ni kusema kilichotokea. Habari ya fedha inakuja baada ya hapo.

Kofia ina tabaka mbili zinazofanya kazi. Ganda la nje, la plastiki ngumu au nyuzi za kioo, husambaza pigo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Ndani yake kuna povu gumu jeupe, jamaa ya lile linalofungiwa televisheni mpya kwenye boksi lakini limeshindiliwa zaidi, lenye unene wa sentimita 2 hadi 4 hivi. Kichwa kikigonga barabara, povu hilo hupondeka, na nguvu ya pigo huishia katika kule kupondeka badala ya kufika kwenye ubongo. Likishapondeka halirudi hali yake. Mahali palipopondeka, kinga imeshatumika. Sponji laini unayoisikia shavuni ni ya starehe tu, tena ndiyo inayoficha uharibifu.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa wapanda pikipiki wanaopata ajali kwa 42% hivi, na ya majeraha ya kichwa kwa 69% hivi. Mtu anayerudishiwa kofia iliyopondeka bila kuambiwa anadhani bado ana kinga hiyo.

Ilianguka tupu, au ikiwa na kichwa ndani?

Hili ndilo swali la kwanza kujibu, na lijibiwe kwa ukweli. Kofia tupu yenye kilo 1.5 ikidondoka kutoka kwenye siti, kimo cha sentimita 80, hufika chini na nishati ya jouli 12 hivi. Katika kipimo cha kiwango cha Umoja wa Mataifa, ECE 22, kofia huvishwa kichwa cha bandia na kugongeshwa kwenye chuma kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde. Kichwa cha kilo 4.7 kwa kasi hiyo kina nishati ya jouli 130 na kidogo, zaidi ya mara 10. Kwa sababu hiyo kofia iliyodondoka tupu mara moja kwenye sakafu bapa mara nyingi hubaki na mchubuko wa rangi tu. Ikidondokea ukingo wa jiwe au nondo, ganda linaweza kupasuka. Lakini kofia iliyogonga kitu ikiwa kichwani, hata kama mvaaji aliinuka akajipangusa akaendelea na safari, kazi yake imekwisha. Hapo hakuna haja ya kubishana.

Ikaguliwe na wote wawili, mchana, nje. Vua sponji zote, nyingi zimeshikwa kwa vibonyezo. Mulika povu kwa tochi ya simu, kisha lipapase kwa kidole gumba kuanzia paji la uso hadi kisogoni. Unatafuta ufa mwembamba kama unywele, kibonyeo, sehemu inayong'aa kuliko nyingine, au mahali povu limeachana na ganda. Halafu bana kofia kwa viganja viwili usawa wa masikio. Ikilia kama mbao kavu, au ubavu mmoja ukibonyea kuliko mwingine, iweke pembeni. Malizia na mkanda wa kidevuni: nyuzi zilizochanika, ribiti zinazocheza, kifungo kisichobana. Ukaguzi huu unaweza kuthibitisha kwamba kofia ni mbovu. Hauwezi kuthibitisha kwamba ni nzima, na ndipo maelezo ya aliyeazima yanapokuwa na uzito kuliko macho ya fundi.

Kuna uharibifu usiohitaji ajali. Kofia ikitundikwa kwenye kioo cha pembeni siku nzima, kioo hutoboa povu polepole. Ikiwekwa juu ya tangi, tone la petroli huyeyusha povu, na hili si kusema tu: chovya kipande cha povu la boksi kwenye petroli ukione kinavyosinyaa. Thina, rangi ya kupuliza na gundi kali hudhoofisha ganda la plastiki bila kuacha alama. Aliyeikwaruza kofia kisha akampelekea fundi rangi aifiche amezidisha kosa, hata kama nia yake ilikuwa kuirudisha ikiwa nzuri.

Jaketi, glavu na buti

Hapa mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu uharibifu unaonekana. Jaketi la ngozi lililoburuzwa kwenye lami hukaguliwa mishono ya bega, kiwiko na ubavu, kisha vile vikinga vya ndani vinatolewa mfukoni mwake na kuangaliwa kama vimepasuka. Mshono ulioachia unashonwa upya, lakini si kwa uzi wa pamba wa fundi cherehani wa magauni, maana utakatika kwenye mburuzo wa kwanza. Mpelekee fundi anayeshona viatu au mabegi kwa uzi wa nailoni, na umwambie apitishe mishono miwili. Ngozi iliyolika hadi kuonyesha bitana haishonwi, kipande kizima hubadilishwa. Jaketi lililolowa mvua likaushwe kivulini kwa siku mbili tatu. Jua kali au joto la jiko huikakamaza ngozi hadi ipasuke kwenye mikunjo. Kizibao cha kung'aa usiku kisipigwe pasi juu ya ile mistari.

Nani alipe?

Kinachochakaa kwa matumizi ya kawaida ni cha mwenyewe: sponji iliyolegea kidogo, kioo cha mbele chenye michirizi ya zamani, soli iliyoisha. Kilichoharibika kwa kuanguka, kutelekezwa au kutumiwa nje ya makubaliano ni cha aliyeazima. Ukiazima kofia ya kwenda Kibaha na kurudi, ukampa mwenzako akaenda nayo Morogoro, lolote litakalotokea huko ni lako. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, inamtaka anayepokea mali ya mwingine aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza yake, na inamtaka mwenye mali aeleze kasoro anazozijua. Watu husahau hilo la pili. Aliyetoa kofia iliyowahi kuanguka bila kusema naye ana lake la kujibu.

Waislamu wa pwani wana kigezo cha karibu zaidi. Kabla ya vita vya Hunayn, mwaka 630, Mtume Muhammad aliazima deraya (mavazi ya chuma ya vitani) za Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu, akamhakikishia kwamba ni azima yenye dhamana. Baadhi zilipotea. Mtume akajitolea kulipa, na ni Safwan mwenyewe aliyekataa malipo. Tazama mpangilio wake: aliyeazima ndiye aliyelitaja suala la fidia, na msamaha ukatoka kwa mwenye mali. Siku hizi wengi hugeuza, wanakaa kimya wakingoja kusamehewa jambo ambalo hawajalisema.

Kwa jaketi, hesabu ya umri ni ya haki. Lililonunuliwa 200,000/= na kutumika nusu ya maisha yake halidaiwi bei ya jipya. Kwa kofia tunashauri tofauti, maana nusu ya bei hainunui nusu ya kofia, na mwenyewe kesho anapanda pikipiki. Nunua nyingine ya kiwango kile kile na saizi ile ile. Kama ya zamani ilikuwa inakaribia miaka 5, muda ambao shirika la Snell la Marekani linapendekeza kofia ibadilishwe, mwenyewe anaweza kuchangia. Tarehe ya kutengenezwa iko kwenye lebo ndani ya sponji au kwenye mkanda. Kofia ya kiwango cha ECE ina lebo iliyoshonwa kwenye mkanda yenye herufi E na namba ndani ya duara, na namba ya idhini inayoanza na 05 au 06. Kama ulipata ajali kwa kosa la dereva wa gari, mdai yeye baadaye kwa picha na risiti. Mwenye kofia asingojee kesi yako.

Migogoro mingi ingezimwa kwa dakika tano za makabidhiano. Pigeni picha nne: mbele, nyuma, ndani, mkanda. Semeni imewahi kuanguka au la, inakwenda wapi, inarudi lini. Aliyeazima aivae papo hapo na kutikisa kichwa. Ikicheza ni kubwa, asiichukue. Ikiwa ndogo mno, kichwa kitatanua sponji na mwenyewe atarudishiwa kofia inayopwaya. Mwenye misuko au mafuta kichwani avae kitambaa cha pamba ndani, na kabla ya kurudisha afue sponji kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya mtoto, azianike kivulini.

Abiria wa bodaboda naye ameazima, ingawa kwa dakika kumi. Ukiidondosha kofia wakati wa kushuka, mwambie dereva kabla hajampa abiria mwingine.

Kofia iliyothibitika haifai isitupwe ikiwa nzima, na mtoto asipewe ya kuchezea. Kata mkanda wa kidevuni pande zote mbili kwa kisu, ng'oa povu, livunje vipande. Kofia inayofika jalalani na mkanda wake huokotwa, ikaoshwa, ikauzwa.