Ukilifuta faili, bado limo

Mama mwenye duka la steshenari hapa Ngamiani, Tanga, aliniletea kompyuta anayotaka kuiuza. "Fundi, nimeshafuta kila kitu, hata pipa la taka nimelimwaga." Nikamwomba akae kidogo, nikafungua PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Vyeti vya kuzaliwa vya wateja wake vikaanza kutoka kimoja baada ya kingine, majina na mihuri inasomeka, na kimoja kina kidole cha aliyekishika kwenye skana. Mama alinyamaza kimya.

Watu wengi wanaamini kufuta ni kuondoa. Sivyo. Kompyuta inalitoa jina la faili kwenye orodha na kuandika kwamba nafasi ile iko huru, basi. Yaliyomo yanabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kwenye diski yenye nafasi tele hilo laweza kuchukua miaka. Ndiyo sababu tunaijaza nafasi huru sifuri, kwa programu ya SDelete kwenye Windows, au zerofree kwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux. Mafaili unayoyatumia hayaguswi.

Wengine husema kufomati kunatosha. Kufomati kwa haraka hakufuti yaliyomo, kunaanzisha orodha mpya tu.

Wengine wanashikilia lazima uandike juu ya yaliyofutwa mara 35. Hesabu hiyo ilitoka kwa mtafiti wa usalama wa kompyuta, Peter Gutmann, mwaka 1996, akizingatia diski za aina mbalimbali za wakati ule; baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba hakuna haja ya kuzifanya zote 35. Kwa diski ya kuzunguka ya leo (HDD), mara moja yatosha.

Wala sifuri haziongezi nafasi hata baiti moja. Faida yake nyingine ni kwamba nakala ya diski nzima ikibanwa huwa ndogo zaidi.

SSD, diski ya chipu isiyozunguka, ndiyo inayonitia wasiwasi. Yenyewe huhamisha maandishi kutoka seli hadi seli na ina akiba usiyoiona, kwa hiyo sifuri huenda zisifike kote, na unaichakaza bure. Hiyo tumia TRIM, amri inayoiambia SSD ni nafasi zipi hazitumiki tena, na ukiiuza, amri yake ya kujifuta yote.

Ya mama ilikuwa ya kuzunguka, GB 500, na mnunuzi aliitaka na Windows yake. SDelete tuliianzisha baada ya adhuhuri, ikamaliza alasiri imeshaadhiniwa. PhotoRec haikutoa cheti hata kimoja. Akaniuliza ile anayoitumia dukani ailete lini.